Sauti Bila Picha

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2019. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, lakini kwetu juu, kijijini Mawsawdong, jua lilikuwa limekwisha kutoka na mabati ya paa yalikuwa makavu. Ukavu huo ndio tuliokuwa tukiungoja tangu mwezi wa sita. Mvua ya kwetu ikinyesha huwezi kurekodi sauti ya mtu ndani ya nyumba. Utarekodi mabati.

Nilipopiga magoti jikoni kabla ya kuwasha moto, nilimwomba Mungu mambo mawili. La kwanza, Mjomba Sterlin aamke akili yake ikiwa timamu, maana siku hizi ilikuwa inakuja na kuondoka. La pili, mchana mama na mjomba wa mpenzi wangu Samborlang watakapokuja kuniposa, mama yangu asibadili nia. Nilipewa yote mawili.

Mimi ni Banrida, wa ukoo wa Kharsyntai, binti wa mwisho. Sisi Wakhasi, watu wa milima hii ya mvua, tunafuata ukoo wa mama, na nyumba ya mama hubaki kwa binti wa mwisho. Dada zangu wanaweza kwenda popote. Mimi siondoki. Mwanamume atakayenioa ndiye atakayebeba sanduku lake na kuhamia kwetu, na ndiyo sababu mama alimkagua Sambor kama mtu anayechagua nguzo ya nyumba.

Hakumtaka. Alisema anataka mwanamume mwenye kazi ya kutajika kanisani. Sambor alikuwa anarekodi harusi, kwaya na filamu ndogo za lugha yetu, na yote hayo aliyafanya kwa kamera ya kupigia picha, ile ile ambayo watalii huning'iniza shingoni wakienda kutazama maporomoko. Mama aliuliza kama mtu anayefulia nguo kwenye sufuria ya wali naye huitwa dobi. Sambor hakubisha. Jumapili moja alisimamisha kamera yake karibu na mimbari, akairekodi kwaya ya akina mama, kisha akaleta kompyuta mpaka jikoni kwetu. Mama akasikia sauti yake mwenyewe, sauti ya pili, imetoka safi kati ya sauti za wenzake. Alinyamaza mpaka chakula kikaisha. Halafu akamuuliza Sambor kama anakula pilipili ya samaki mkavu. Hapo nikajua.

Ukoo aliuuliza siku ya kwanza kabisa, kama anavyouliza kila mama wa kwetu. Sambor alisema yeye ni Diengrem, watu wa mama yake wametokea miteremko ya kusini kwenye michungwa. Mama hakuona uhusiano wowote. Hata hivyo alituma kuuliza kwa Mjomba Sterlin, kaka yake, ambaye anaishi kijiji cha pili nyumbani kwa mke wake, na jibu likaja kwamba hakuna tatizo. Ilibidi kuuliza. Watu wa ukoo mmoja wakioana, kwetu hilo ni jambo lisilosafishika. Hakuna mchungaji atakayewafungisha, na hakuna jirani atakayekunywa chai kwao.

Wazee wa ukoo walikuwa wameomba Mjomba arekodiwe akisimulia asili yetu kabla haijamtoka yote. Aliletwa asubuhi ile, amevaa koti lake la kanisani. Sambor alianza kukitayarisha chumba. Akaitoa saa ya ukutani, akalitoa jiko la mkaa kwa sababu makaa hupasuka, akawafukuza kuku waliokuwa chini ya dirisha, na mwisho akamfukuza dada yangu mkubwa, Thrilin.

"Yaani mimi na kuku tuko fungu moja," Thrilin akasema.

"Kuku angalau wananisikiliza, dada."

"Kikamera cha picha za pasipoti, masharti kama bunge." Akatoka akicheka na kuufunga mlango nyuma yake. Tukabaki watatu.

Shavu la Mjomba lilikuwa limejaa tambuu na popoo. Sambor alimwomba kwa heshima ateme, maana kile kipaza sauti kidogo alichombandika kwenye kola kingesikia kila anapotafuna. Mjomba alisema ametafuna tambuu kwenye mazishi ya baba yake, kwenye harusi yake mwenyewe na mbele ya mkuu wa wilaya, na haoni kwa nini ateme kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa kunguni. Walibishana kwa adabu. Mwishowe alitema, ila akataka sahani yake ya tambuu iwekwe karibu na mguu wake aione.

Kazi yangu ilikuwa sauti. Sambor ndiye aliyenifundisha. Kamera ya picha ina jicho zuri sana, aliniambia, lakini masikio yake ni ya kijinga. Watu wakinyamaza, inajipandishia sauti yenyewe mpaka pumzi inavuma kama maporomoko, na mtu akianza tena kusema, neno la kwanza linapasuka. Kwa hiyo sauti tuliirekodi kando, kwenye kinasa sauti kidogo kilichokaa mapajani mwangu, nami nimevaa vipokea sauti masikioni. Kabla ya kuanza Sambor alipiga kofi moja mbele ya lenzi, ili baadaye kofi la kwenye picha na kofi la kwenye sauti yakutanishwe na maneno yakae midomoni. Hivyo ndivyo tulivyopendana. Yeye akipiga kofi, mimi nainua kidole kumwambia nimesikia, na kabla hajarudi nyuma ya kamera ananitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Nikainua kidole. Mjomba akaanza.

Ukimsikiliza mtu kwa vile vipokea sauti, unamsikia karibu kuliko alipokaa. Nilisikia ulimi wake ukiachana na meno. Alisimulia habari za mama yetu wa kwanza, mto aliouvuka, kilima alichokipanda na mawe matatu ya meko yake. Hakukwama hata mara moja. Akili yake ilikuwa imerudi yote. Kila nilipoinua macho nilikuta macho ya Sambor yako kwangu. Nikamwashiria atazame kamera. Akatabasamu, wala hakuitazama.

Mjomba akafika mwaka wa njaa. Bibi mmoja wa kwetu alikuta msichana kando ya njia ya wachuuzi wa chumvi, watu wake wote wamekufa. Akamleta nyumbani, akamgawia moto kutoka mekoni mwake na wali kutoka chungu chake. Wanawake hao wawili wakaapa mbele ya Mungu kwamba wamekuwa tumbo moja, na kwamba uzao wao hautaoana milele. Msichana yule alipokua alishuka kusini, akazaa mabinti huko kwenye michungwa.

"Uzao wake ndio hao Diengrem," Mjomba akasema ndani ya masikio yangu. "Siku hizi wengi hawajui. Hao ni sisi."

Nikatazama taa za kinasa sauti. Zilipanda na kushuka vizuri, hakuna mahali sauti ilipopasuka. Ndilo nililolifikiria. Kwamba sauti ni nzuri.

Sambor alikuwa bado ananitazama, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni. Mjomba hakugundua chochote. Kwake yeye, aliyesimama pale alikuwa kijana wa kamera kutoka mjini Shillong. Aliendelea mpaka alipochoka, akaomba tambuu yake. Hapo ndipo Sambor alipotazama kamera. Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Kamera hizi hazikutengenezwa kurekodi bila kukoma. Kabla nusu saa haijatimia hujizima zenyewe, na mwenye kamera anatakiwa kuwa macho aiwashe tena. Hakuwahi kusahau. Siku hiyo alikuwa ananitazama mimi.

Tulikutana nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo. Shuka za mama zilikuwa zimeanikwa, zikatuficha.

"Picha ilikatika kabla ya mwaka wa njaa," Sambor akasema. "Nimeangalia. Hakuna kitu."

"Sauti ipo."

"Najua. Unayo wewe."

Kinasa sauti kilikuwa mkononi mwangu, kina joto la betri.

"Rida, mama yangu hajui habari hizi. Bibi alikufa mama angali mdogo, akalelewa mjini. Mama yako naye hajui. Na Mjomba, ukimuuliza sasa hivi, atakujibu nini?"

Nilikuwa nimekwisha muuliza. Nilipompelekea chai ya rangi nilimwomba anirudie habari za mwaka wa njaa. Akaniuliza njaa gani. Akanishika shavu na kuniita kwa jina la bibi yangu. Nilimweleza Sambor hivyo.

"Basi imebaki humo tu," akasema. "Kitufe kimoja."

"Na wewe umesikia."

"Mimi nitasahau."

"Na Mungu?"

Upande wa pili wa shuka Thrilin alikuwa anapita na sinia, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pua.

"Mungu alikuwepo kamera ilipozimika," Sambor akasema. "Kwa nini izimike pale pale? Niambie wewe unayesali."

Nilijaribu kusali nikiwa nimesimama, na maneno yakapita kama majina kwenye matangazo ya vifo redioni, unapoyasikia yote na humjui hata mmoja. Nilikuwa nikitazama kibanio cha nguo. Kilikuwa cha kijani, kimepasuka upande mmoja, na nilikitazama kwa makini kana kwamba nitaulizwa.

"Sikulazimishi," akasema. "Lakini nikikuomba?"

"Usiniombe."

"Nakuomba, Rida."

Nilijua nampenda. Nililijua kama ninavyoijua njia ya kwenda kisimani, bila kuhisi chochote, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Kulikuwa na uzi wa shuka umenasa kwenye nywele zangu. Akainua mkono autoe, kama ambavyo angefanya siku nyingine yoyote. Mkono ukasimama hewani. Kisha akauingiza mfukoni.

Hapo nikajua kwamba naye hatasahau.

Thrilin aliita kwamba wageni wamefika.

Mama yake Sambor alileta kikapu cha machungwa. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya hariri, na alipoketi aliomba radhi kwa vumbi la viatu vyake. Mjomba wa Sambor alikuwa mtu mrefu mwenye mikono ya kulima. Tambuu ikapitishwa. Mama yangu akaomba sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa jua, kwa barabara, kwa nyumba ambayo haitabaki na mwanamke peke yake. Niliitikia amina pamoja na wengine. Nilipakua wali uliopikwa na nyama ya nguruwe, nikaangalia kila sahani ipate mafuta sawa. Thrilin alimwambia mjomba wa Sambor kwamba kijana wao atakaribishwa, mradi asije akawatoa watu wa nyumba nje kila anapotaka kurekodi. Watu wakacheka. Nadhani nami nilicheka.

Baada ya chakula mjomba wa Sambor alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sisi ni Diengrem," akasema. "Tumekuja kumwombea kijana wetu mlango katika nyumba hii."

Mama akamgeukia kaka yake, kama ilivyo taratibu, akamuuliza mbele ya wote kama baina ya koo hizi mbili kuna undugu wowote. Jambo hilo lilikuwa limekwisha jibiwa zamani. Liliulizwa kwa heshima tu.

Mjomba Sterlin alitafuna polepole. "Diengrem," akasema. "Diengrem." Akafumba macho. Niliona akilitafuta lile jina, na niliona halikuwepo. "Hapana. Watu wazuri hao. Waoane."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mama yake Sambor alifuta macho kwa ncha ya shali. Mama yangu akamwita Sambor mwanangu, jina ambalo hakuwahi kumwita, akamwambia asogee karibu na jiko, mbona amekaa mlangoni penye baridi.

Hakusogea. Alinitazama kutoka kule alikokaa. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alinitazama kama mtu anayeuzuia mlango kwa mgongo wake, na nyuma ya mlango huo ilikuwepo miaka yetu yote, viatu vyake chini ya kitanda, watoto wenye nyusi zake. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Nilikuwa nimekaa kimya tayari. Ningeendelea tu.

Nikawaza kwamba asubuhi ya kesho nitapiga magoti kwenye meko yale yale. Nikajaribu kusikia nitakachosema, na sikusikia kitu.

"Mama," nikasema, "asubuhi Mjomba alisema jambo jingine."

Sauti yangu ilitoka ya kawaida, kama ninayetaja chumvi. Nikatoa kinasa sauti. Sambor akainamisha kichwa. Nikapiga magoti mbele ya Mjomba, nikamvisha vipokea sauti, nikatafuta mahali pa mwaka wa njaa.

Hakuna mwingine aliyeweza kusikia. Watu wote walibaki kumtazama mzee usoni. Mwanzoni alicheka, akauliza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu wenye vitu masikioni, ni nani huyo mzee mwenye kikohozi. Halafu akaacha kutafuna. Akashika vile vipokea sauti kwa mikono miwili, akavibana. Midomo yake ikaanza kuyafuata maneno, ikayatangulia kidogo, kama ya mtu anayeimba wimbo aliofunzwa utotoni. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

Alipovivua alimtazama mama.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema. "Alinisimulia hivi hivi nikiwa kijana. Sikujua kwamba sauti yake bado ipo."

Hatukumsahihisha.

"Na hakuwahi kusema uongo," akaongeza. Kisha akawaeleza wote, msichana wa njiani, moto, wali, kiapo, na jina.

Hakuna aliyegombana. Nadhani ningependa wangegombana. Mama yake Sambor alibaki na mkono juu ya kikapu cha machungwa. Mama yangu alijifunika kichwa kwa nguo yake ya miraba, na mabega yake yakatulia tuli. Thrilin aliinama karibu yangu, akaniambia polepole kwamba ningeweza kunyamaza. Nikamwambia najua.

Mjomba wa Sambor ndiye aliyesema kwanza. Alisema hajui utaratibu wa jambo kama hili, hajapata kuliona. Lakini vijiji viwili vimekwisha waita hawa wachumba, na jina hilo haliwezi kuachwa lining'inie. Lifutwe kwa midomo yao wenyewe, mbele ya watu hawa hawa, au kesho litaanza kunuka.

Mjomba Sterlin alitikisa kichwa kukubali. Akili yake ilikuwa bado ipo. Akasema kama ni ndugu, basi wawe ndugu kweli, si kwa kukatazwa tu. Mwanamume wa kwetu hana nyumba yake. Analala kwa mama yake, halafu kwa mke wake. Akikosa wote wawili hurudi kwa dada yule aliyebaki na nyumba, na dada huyo hana ruhusa ya kumkataa.

"Semeni," akatuambia.

Sambor alisimama mlangoni pale pale. Alikohoa kidogo. Alipoanza, maneno yalitoka moja moja, yamepimwa, kama mtu anayejaribu kipaza sauti kabla watu hawajaingia.

"Banrida Kharsyntai ni dada yangu. Sitamjia kwa njia nyingine, wala sitamwita kwa jina jingine."

Halafu akanitazama, na safari hii hakunitazama zaidi ya inavyohitajika.

Nikasimama. Nilikuwa bado na sahani ya tambuu ya Mjomba mkononi, sikumbuki niliiokota saa ngapi. Mama alikuwa amefunua uso. Wote walikuwa wananitazama.

"Samborlang Diengrem ni kaka yangu," nikasema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi. Akiugua, akiachwa, akizeeka hana mtu, aje hapa. Nitamfungulia mlango mimi mwenyewe, nitampa chumba na chakula, na sitamuuliza alikuwa wapi."